Uji wa Mtoto Unaanzia Gulioni: Kwa Nini Tumeacha Kugawa Pakiti za Unga wa Lishe



Kwa muda sasa kamati kadhaa za sharika zimekuwa zikituuliza, kwa barua na kwa simu, kwa nini gari la Diakonia haliji tena na maboksi ya unga wa lishe. Sharika rafiki za Ulaya na Marekani nazo zimeuliza, kwa upole zaidi, kwa nini taarifa zetu hazina tena picha za akina mama wakipokea pakiti mbele ya kanisa. Ni maswali ya haki. Fedha zilizonunua pakiti zile ni sadaka za watu, na waliokuwa wakinywa uji ule ni watoto wadogo. Katika makala hii tunaeleza tulichokosea, tulichojifunza, na kazi ambayo sasa tunaziomba kamati zifanye pamoja nasi. Tutaongea zaidi habari za jikoni na gulioni kuliko habari za ofisini, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilipo.

NJAA PEMBENI MWA GHALA

Sharika zetu ziko Nyanda za Juu Kusini, sehemu ambayo Watanzania wengi wanaitegemea kwa chakula. Anayepita Makambako wakati wa mavuno anaona malori ya mahindi. Viazi mviringo vya Njombe vinaliwa Dar es Salaam, na nyanya na vitunguu vya Ilula vinajulikana na kila msafiri wa barabara kuu iendayo Zambia. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano, waliodumaa walikuwa asilimia 57 mkoani Iringa, na asilimia 50 katika mikoa ya Njombe na Rukwa. Wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 30. Nchi kwa ujumla imepiga hatua, maana mwaka 2010 wastani huo ulikuwa asilimia 42 na utafiti wa mwaka 2015/2016 ulipata asilimia 34. Sisi tumebaki nyuma, tena tukiwa na maghala yaliyojaa.

Mtoto aliyedumaa si lazima awe amekonda. Ni mfupi kuliko umri wake unavyotaka, na mahali ambapo nusu ya watoto ni wafupi hakuna anayeshtuka. Tumesikia mara nyingi, hata kutoka kwa wazee wa kanisa, kwamba "ukoo wetu ni wafupi tu". Lakini udumavu hauishii kwenye kimo. Ubongo nao unajengwa katika siku zile 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na kilichokosekana wakati huo hakirudishwi kirahisi na chakula cha shuleni.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1983 Serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, na kwa fedha kutoka Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha pia Njombe. Ulianza na vijiji 168. Watu wazima wa umri fulani wanakumbuka siku za kupima watoto, mizani ikining'inia kwenye mti na majina yakisomwa. Kilichokuwa kizuri katika mpango ule ni kwamba baada ya mtoto kupimwa kijiji kiliulizwa: huyu amepungua uzito kwa sababu gani, na tufanye nini kwa vitu tulivyo navyo? Sisi wa miradi ya siku hizi tulilisahau swali hilo tukaleta maboksi.

YALIYOTUPATA NA PAKITI

Tuseme ukweli wote. Katika mtaa mmoja maboksi yalihifadhiwa kwenye chumba nyuma ya madhabahu wakati wa masika. Yalipofunguliwa, unga ulinuka kama mafuta ya taa ya zamani. Tarehe ya mwisho wa kutumika, iliyoandikwa kwenye pakiti, ilikuwa bado mbali. Sehemu ya kosa ilikuwa yetu, kwa kuwa chumba kile kilikuwa na unyevu na maboksi yaliwekwa sakafuni bila mbao. Lakini sehemu nyingine ilikuwa katika unga wenyewe: karanga zilikuwa zimesagwa pamoja na mahindi, na karanga zina mafuta mengi. Zikishasagwa mafuta yake hukutana na hewa na kuanza kuchacha, na joto na unyevu huharakisha. Unga wa mahindi ulio mkavu unaweza kukaa wiki nyingi, lakini ukishachanganywa na karanga hauna maisha marefu. Tuliutupa wote, na mwinjilisti wa mtaa huo alibaki na kazi ngumu ya kuwaeleza akina mama.

Hata hivyo si unga ulioharibika uliotufanya tuache. Tuliacha kwa sababu ya neno tulilolisikia katika kutembelea kaya. Tulifika kwa mama mwenye mtoto wa miezi kumi, tukamuuliza mtoto anakula nini. Akajibu, "Kwa sasa hatuna lishe, tunasubiri nyie." Nje ya nyumba yake kulikuwa na kuku wanne, majani ya maboga yaliyotambaa hadi kwenye kibanda cha kuni, na parachichi ambalo matunda yake yalikuwa yameshaagizwa na mnunuzi. Ndani kulikuwa na mahindi na maharage. Mama huyo si mzembe wala si mjinga. Ni sisi tuliomfundisha, kwa miaka, kwamba lishe ni kitu kinachokuja kwenye pakiti. Tulirudi ofisini siku hiyo bila kuongea sana.

KILICHOMO NDANI YA UNGA WA LISHE

Unga wa lishe hauna siri yoyote. Ni nafaka ya kumpa mtoto nguvu na jamii ya kunde ya kumjenga mwili. Kipimo tunachofundisha ni sado tatu za nafaka kwa sado moja ya soya. Nafaka iwe mahindi yasiyokobolewa, au ulezi, au hivyo viwili pamoja. Tumeona akina mama wakichanganya mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi na uwele kwa kuamini kwamba vitu vingi ndiyo lishe nyingi. Vyote hivyo ni kundi moja la chakula. Aliyechanganya nafaka sita amepata wanga, na amelipa bei ya mchele kuupata.

Soya inahitaji uangalifu. Mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, na mtoto anayepewa soya iliyosagwa bila kupitia moto ataumwa tumbo na kuharisha. Namna tunayofundisha ni hii: chambua, osha, tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa muda wa nusu saa, menya maganda kwa kusugua kwa mikono, anika hadi ikauke kabisa, kisha kaanga bila mafuta mpaka iwe na rangi ya kahawia hafifu na inukie. Hapo ndipo inakwenda mashineni pamoja na nafaka. Asiyepata soya asikae kungoja. Mtoto anaweza kupewa uji wa mahindi au ulezi, na mchana akala maharage yaliyopondwa kutoka kwenye chungu cha familia.

Karanga zisagwe au zitwangwe pembeni, kidogo kidogo, za siku mbili tatu tu, na kijiko kimoja kitiwe kwenye uji ukiwa jikoni. Dagaa nao vivyo hivyo. Wanapatikana kwenye karibu kila gulio letu, wengine kutoka ziwa Nyasa na wengine kutoka Mwanza na Kigoma. Toa vichwa, pepeta mchanga, osha kwa maji ya moto, anika tena, kaanga bila mafuta, twanga na chekecha. Watoto wengi hukataa uji wenye harufu ya samaki, na hatuwalaumu. Unga wa dagaa unakwenda vizuri zaidi kwenye mboga au kwenye viazi vilivyopondwa.

Kuhusu mahindi yenyewe, tunajua tunagusa heshima ya watu. Kwetu ugali mweupe ni adabu ya kumpokea mgeni, na baadhi ya kaya hukoboa, huloweka kwa siku kadhaa na kuanika ili unga uwe mweupe kabisa. Wanachokula kuku kwenye pumba ndicho kilichokuwa na vitamini, pamoja na mafuta ya kile kiini cha punje. Wapo wanaotuuliza kama si kweli kwamba unga siku hizi unaongezwa virutubishi viwandani. Ni kweli kwamba kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu huo kwa unga wa ngano, unga wa mahindi wa viwanda vikubwa na mafuta ya kupikia. Lakini mahindi yetu yanasagwa kwenye mashine ya kijijini, na mashine ya kijijini haiongezi kitu. Kwa hiyo tunapendekeza dona kwa uji wa mtoto, kwa sharti moja kubwa linalofuata.

SUMUKUVU: SHARTI LA KUKAUSHA

Dona ni bora kama mahindi ni mazima. Kama yameota ukungu, dona inabakiza kila kitu, pamoja na sumu. Hapa tunaomba kamati zisome polepole.

Sumukuvu hutengenezwa na aina fulani ya ukungu unaoota juu ya mahindi, karanga na mazao mengine yaliyokauka vibaya. Haina harufu wala ladha ya kuaminika, na moto wa jikoni hauiondoi. Uji uchemke saa nzima, sumu inabaki. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ikatokea hapa nchini, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako waliripotiwa wagonjwa 68 na 20 kati yao wakafariki. Hayo ni matukio ya sumu nyingi kwa wakati mmoja. Sumu kidogo ya kila siku haiui kwa haraka, lakini huharibu ini na huongeza hatari ya saratani ya ini, na wataalamu wanaihusisha pia na watoto kushindwa kukua. Tufikirie basi mama aliyefuata mafundisho yetu yote, akasaga dona na karanga za bei rahisi zilizosinyaa, akampa mtoto mara tatu kwa siku. Angekuwa ametii sana na kumdhuru mtoto wake sana.

Kinga yake ipo mikononi mwetu, na sehemu kubwa haihitaji fedha. Kwanza, mahindi yasilazwe chini kwenye udongo, maana ukungu wenyewe unaishi udongoni. Yaanikwe juu ya turubai, mkeka au kichanja, na yafunikwe jioni kabla umande haujashuka. Katika sehemu zetu za juu zenye ukungu wa asubuhi na baridi, hili la umande ndilo linalowashinda wengi. Pili, yachambuliwe kwa mkono. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zote zitolewe. Karanga zilizosinyaa, nyeusi au chungu zitolewe pia, na zisitengwe "kwa ajili ya kusaga", kama tulivyoona zikifanywa. Kuchambua peke yake hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mara nyingi imo kwenye punje chache mbaya. Kuku nao wasipewe takataka hiyo. Ifukiwe.

Tatu, upimaji wa chumvi, ambao tumeupenda kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuufanya. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu yenye kifuniko. Weka mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funika, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani. Isipogandia, yanaweza kuingia ghalani. Chumvi yenyewe ianikwe kwanza, maana ya dukani mara nyingi ina maji. Tulipoufanya upimaji huu mbele ya kamati moja, mzee mwenye ghala kubwa kuliko wote aligundua kwamba mahindi aliyokwisha kuyafungia magunia yalikuwa mabichi. Alicheka, lakini kesho yake alianika magunia yote.

Baada ya kukauka, mahindi yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wengi wanaiita kinga njaa, inafaa sana kwa mahindi makavu, maana dumuzi hufa kwa kukosa hewa bila dawa. Ila ukifungia humo mahindi mabichi, umefungia ukungu ndani.

KWENDA GULIONI NA FEDHA KIDOGO

Kamati nyingine zilituambia kwamba mambo haya yote ni ya wenye nacho. Tukaamua kwenda gulioni pamoja nao. Kila kundi la watu watano lilipewa fedha sawa na thamani ya pakiti moja ya unga wa lishe, likaambiwa linunue chakula cha mtoto mmoja. Bei hatuziandiki hapa kwa sababu hubadilika kila gulio, na kamati zitajifunza zaidi zikifanya zoezi lenyewe kuliko zikisoma hesabu zetu.

Makundi mengi yalirudi na soya, karanga, fungu la dagaa na chumvi yenye madini joto, na bado yalibaki na chenji. Kundi moja la wanaume lilirudi na mchele na sukari, na hatukulisema lolote kwa kuwa akina mama walikwishasema. Mahindi hakuna aliyenunua, maana yako nyumbani, na mboga za majani vilevile. Pakiti ilikuwa inatuuzia mahindi yetu wenyewe yaliyosafirishwa kwenda na kurudi.

Gulio lina mafunzo yake. Karanga zinunuliwe zikiwa nzima, za kumenya mwenyewe kama zipo, wala si zilizokwisha kusagwa, kwa sababu aliyesaga ndiye anayejua alisaga zipi. Dagaa mwenye mchanga ni mzito kwenye mizani na mwepesi kwenye chungu. Mwangalie pia anayepima: sado iliyobonyezwa kitako inapoteza konzi nzima, wakati sisi wenyewe tunapouza viazi tunadaiwa lumbesa iliyopanda juu ya gunia kama kichuguu, jambo ambalo sheria ya vipimo hairuhusu. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinavyoitwa viazi lishe, vinunuliwe vinapopatikana, maana vina vitamini A ambayo viazi vyeupe havina. Na biskuti tunazowanunulia watoto tukitoka gulioni, tuzinunue tukijua kwamba ni tamu tu. Kwa fedha hiyo hiyo mara nyingi unapata yai, au ndizi mbivu mbili.

Nyumbani nako kuna mambo madogo yenye uzito. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, hujaza gesi kidogo, huiva mapema na kuokoa kuni. Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe muda mfupi, na zitiwe mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Alizeti inakamuliwa karibu nasi, hivyo hilo si la kutushinda. Mboga za kukausha kwa ajili ya kiangazi zianikwe kivulini penye hewa, si juani. Chai ya rangi isipewe mtoto mdogo pamoja na chakula, maana hupunguza madini ya chuma anayoyapata. Badala yake apewe kipande cha chungwa au cha papai.

KIMEA

Jambo lililoleta kelele nyingi kwenye semina ni kimea. Tatizo la uji wetu ni maji. Tumbo la mtoto wa miezi saba au minane ni dogo, linajaa kwa kikombe kimoja, na uji unaotiririka kutoka kwenye kijiko ni maji yenye rangi. Tukiufanya mzito, hawezi kuumeza. Wataalamu wa lishe wa hapa nchini walilishughulikia suala hili tangu miaka ya 1980 kwa kutumia kitu ambacho bibi zetu walikijua zamani.

Ulezi unachambuliwa na kuoshwa, unalowekwa usiku mmoja, unachujwa, unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi uchipue, unaanikwa ukauke kabisa, vijimizizi vinasuguliwa na kupepetwa, kisha unasagwa. Pika uji mzito kama ugali laini. Ipua, uache upoe hadi uwe wa vuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kila bakuli, koroga. Ndani ya dakika kama kumi uji ule mzito unalainika wenyewe bila kuongezwa maji. Kimea kina kimeng'enya kinachokata wanga vipande vidogo. Urudishe jikoni uchemke kidogo ili kuua vijidudu, na mtoto anapata kwenye bakuli lile lile chakula kingi kuliko awali. Tutumie ulezi, si mtama, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana sumu ya aina nyingine.

Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama Diakonia sasa inafundisha kupika komoni. Swali lilistahili kicheko lililopata, lakini pia lilistahili jibu. Kimea ni kile kile. Kwenye pombe kinaachwa siku kadhaa kichachuke, kwenye uji kinafanya kazi dakika kumi na kunyweka siku hiyo hiyo, hakuna kileo. Tukaongeza kwamba katika kaya nyingine ulezi wote unaishia kwenye komoni, na mtoto hapati hata kijiko. Hapo hakucheka mtu.

NANI ANAPIKA, SAA NGAPI?

Tungekuwa tunadanganya kama tungesema kwamba maarifa ndiyo kikwazo pekee. Mtoto wa miezi sita hadi minane anahitaji kulishwa mara mbili hadi tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu hadi nne, pamoja na kitu kidogo katikati, huku akiendelea kunyonya. Wakati wa palizi mama anaondoka alfajiri, shamba liko mbali, na mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane pamoja na chupa ya uji uliopoa. Anarudi jioni na kuni kichwani. Hakuna semina inayoongeza saa kwenye siku yake.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zizungumze na akina baba, na tunaomba wachungaji watuunge mkono katika hilo. Mahindi yanapouzwa, nani anaamua ni magunia mangapi yabaki? Tumekuta kaya zilizouza hadi zikabaki kununua kwa sado mwezi wa pili, kwa bei ambayo ni maumivu. Baba anaweza kubeba maji. Anaweza kutengeneza kichanja cha kuanikia. Tunao baba wachache katika mitaa yetu wanaopika uji wa mtoto asubuhi, na hakuna aliyepungukiwa heshima.

Liko na jambo la kwetu wenyewe kama Kanisa, na tunaliandika kwa unyenyekevu. Siku ya mavuno akina mama huleta mayai, kuku na maboga yaliyo bora, na mnada baada ya ibada ni furaha yetu wote. Sadaka hiyo ni yao na Bwana, hatuizuii. Tunachouliza ni kama usharika unaojua jina la kila aliyetoa kuku unajua pia jina la kila mtoto wa mtaa aliye chini ya miaka miwili. Katika sharika tatu kamati zimeanza kuandika majina hayo, na mayai machache ya mnada yamekuwa yakinunuliwa na wazee na kupelekwa kwenye nyumba hizo. Ni mpango mdogo ambao sisi hatukuubuni.

KWA WASHIRIKA WETU NA KWA KAMATI

Sharika rafiki zilizotusaidia kununua pakiti tunawashukuru kwa dhati, na tunaomba fedha zilizobaki kwenye fungu hilo zitumike kwa turubai za kuanikia, chekecheke, mifuko isiyopitisha hewa, na nauli za wahudumu wanaotembelea kaya. Picha zake hazitapendeza sana, turubai si kitu cha kupigia picha. Kwa upande wa watoto wenye utapiamlo mkali hatubadilishi kitu: hao hawatibiwi kwa uji wa nyumbani, wanapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, na gari la Diakonia lipo kwa kazi hiyo.

Vikundi viwili vya wanawake vimeomba ruhusa ya kusaga na kuuza unga wa lishe. Tunawatia moyo, lakini wafahamu kwamba kuuza chakula kilichofungashwa ni jambo la sheria. Tangu mwaka 2019 usajili wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na SIDO wanatoa mafunzo ya usindikaji. Wafike kwanza ofisini tuwasaidie kujaza fomu kabla hawajanunua mashine.

Semina za kamati zitafanyika jimbo kwa jimbo mara baada ya mavuno, na wakuu wa majimbo watatangaza tarehe. Kila mtaa ulete watu watatu, mmoja wao awe baba mwenye mtoto mdogo. Waje na sado moja ya mahindi kutoka ghalani mwao kama yalivyo, bila kuyachambua, chupa ya kioo yenye kifuniko, na chumvi iliyoanikwa.